Kaunti kwa Kaunti Magharibi mwa Texas

Jimbo la Texas, ambalo kwa eneo lake la kilomita za mraba zipatazo 696,000 linaizidi Kenya yote kwa zaidi ya laki moja, limegawanywa katika kaunti 254, na juu ya kaunti hizo zimechorwa wilaya 31 za useneti. Na kwa kuwa mipaka ya wilaya hufuata wingi wa watu wala si upana wa ardhi, wilaya ya mjini Houston huweza kuzungukwa kwa gari kabla ya adhuhuri, ilhali wilaya ya magharibi, kwenye mashamba ya pamba na visima vya mafuta, humeza kaunti makumi kwa makumi, nyingine zikiwa na watu wachache kuliko mtaa mmoja wa Mji wa Kale wa Mombasa. Katika mojawapo ya wilaya hizo za magharibi ndimo nilimojaaliwa kufuatana na bibi mmoja aliyekuwa akiomba cheo ambacho wengi wa majirani zake hawakujua hata kama kipo, nacho ni ujumbe wa halmashauri kuu ya jimbo ya Chama cha Libertarian.

Nilikuwa nimekwenda Abilene kumzuru mpwa wangu, ambaye ni muuguzi katika mji huo, na bibi huyo alikuwa jirani yake, mwanamke wa makamo, mweka hesabu wa gereji na maduka ya vifaa vya visima, mtu wa maneno machache na macho ya kudadisi. Aliponieleza kwamba mkutano mkuu wa jimbo ungefanyika mwezi Aprili, na kwamba kabla ya hapo alikusudia kuwafikia wajumbe wa wilaya yake katika miji yao wenyewe, nilimwuliza mshahara wa cheo hicho ni kiasi gani. Hakuna mshahara. Nilimwuliza posho. Hakuna posho, hata mafuta ya gari na chumba cha kulala siku za vikao hutoka mfukoni mwa mjumbe. Nilipomsimulia mpwa wangu usiku ule, alisema, “Mjomba, wewe umesomesha uraia tangu mimi sijazaliwa. Fuatana nao, ukajionee.” Kulipokucha nilikwenda kuomba ruhusa, na bibi na mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, wakanipa kiti cha nyuma katika pikapu yao.

Kutoka Abilene hadi San Angelo ni mwendo wa kilomita 145 hivi, na njiani hakuna la kuzuia jicho: vichaka vya miiba, ng'ombe weusi waliotawanyika, nyua za waya zisizo na mwisho, na huko mbali mitambo ya upepo imejipanga juu ya vilima. Katika upana ule bibi alianza kunisimulia asili ya chama chake, nami nilisikiliza kwa makini, kwa maana mtu anaposimulia nasaba ya jambo alipendalo huonyesha zaidi moyo wake kuliko anapohutubu.

Mwezi Agosti 1971 Rais Richard Nixon alitangaza kwamba bei na mishahara visimame vilipo kwa amri ya serikali, na kwamba dola haitabadilishwa tena kwa dhahabu mbele ya mataifa mengine. Kwa watu waliokuwa wameamini kwamba chama cha Nixon ndicho mlinzi wa biashara huru, amri ile ilikuwa msiba; na tarehe 11 Desemba mwaka huo huo, katika mji wa Colorado Springs, David Nolan na wenziwe wachache wakaunda chama kipya. Mwaka uliofuata walikutana Denver, wakamteua John Hospers, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Southern California, kugombea urais, na Tonie Nathan wa Oregon kuwa mgombea mwenza. Majina yao yalichapishwa katika karatasi za kura za majimbo mawili tu, Colorado na Washington, na kura zao nchi nzima hazikufika elfu nne. Lakini Roger MacBride wa Virginia, mjumbe aliyechaguliwa ili ampe Nixon kura yake katika baraza la kumchagua rais, aliwapa Hospers na Nathan, na kwa kitendo hicho Tonie Nathan akawa mwanamke wa kwanza katika historia ya Marekani kupata kura ya baraza hilo. Bibi alipofika hapo sauti yake ilipanda kidogo. Alikuwa msichana mdogo alipoisikia habari hiyo kwa mama yake, akaiweka moyoni.

Itikadi yao huijenga juu ya nguzo moja, kwamba mtu ni mwenye nafsi yake, na kwamba si halali kwa mtu binafsi wala kwa dola kuanzisha mabavu dhidi yake. Anayetaka uanachama wa chama chao cha taifa hutia sahihi kiapo cha maana hiyo. Kwa nguzo hiyo wengi wao huihesabu kodi kuwa unyang'anyi. Mimi sikubaliani nao katika hilo, na nilimwambia bibi waziwazi, kwa sababu shule niliyosoma na shule nilizosomesha zilijengwa kwa fedha ya umma, na pwani yetu ingekuwa na wajinga wengi zaidi kama zisingejengwa. Naye hakukasirika. Alinieleza habari za Isis Brantley, msusi wa Dallas, ambaye mwaka 1997 alikamatwa kwa kusuka nywele bila leseni, kana kwamba mikono ya bibi zake, waliomrithisha kazi ile, ilihitaji idhini ya ofisi. Naye akapambana na sheria hiyo mpaka mwaka 2015, ambapo jimbo lilifuta leseni ya ususi. Niliwakumbuka wasusi wetu wa Mombasa, wanaokaa barazani na kichana na kibuyu cha mafuta, nikajiuliza ni nani angethubutu kuwadai hati. Na hapo nikaelewa kwamba hasira ya watu hawa, ijapokuwa inakwenda mbali kuliko niwezavyo kufuata, haikuanza hewani.

Mkutano wa San Angelo ulifanyika katika chumba cha nyuma cha mkahawa, na waliohudhuria walikuwa wachache kiasi kwamba meza mbili zilizounganishwa ziliwatosha. Alikuwapo fundi wa mabomba, mwalimu wa muziki, kijana mmoja aliyekuja na mtoto mchanga, na mzee mmoja mrefu, mfugaji wa mbuzi, aliyevua kofia yake akaiweka magotini na asiseme neno mpaka chakula kilipoondolewa. Bibi alijieleza kwa ufupi. Kisha mzee yule akamwuliza swali ambalo katika umri wangu wote, na nimehudhuria mikutano mingi ya wagombea wa kila cheo, kuanzia kamati za misikiti hadi ubunge, sijapata kulisikia. Alimwuliza: ukiwa mjumbe wetu, ni mambo gani utakataa kuyafanya, hata sisi wenyewe tukikusihi?

Kwetu mgombea huulizwa atatuletea nini. Huulizwa barabara, maji, bati la madrasa, ajira za vijana, na aghalabu hujibu kwa ahadi ambazo yeye na sisi tunajua kwamba hazitatimia, tukapeana mikono na kuagana kwa furaha. Swali la mzee lilikuwa limegeuza mwelekeo wote wa shughuli, kwa sababu lilimtaka mwombaji ajichoree mpaka mbele ya mashahidi kabla hajapewa chochote cha kuvukia mpaka huo. Bibi hakulijibu papo hapo. Alikunywa maji, akasema mambo matatu: kwamba hatapitisha matumizi ya fedha ya chama yasiyoandikwa katika hesabu ambazo kila mwanachama anaweza kuzisoma, kwamba hatakubali vikao vya siri visivyokuwa na sababu iliyotajwa katika katiba ya chama, na kwamba hatasema kwa niaba ya wilaya katika jambo ambalo wilaya haikushauriwa. Mzee aliandika maneno hayo katika kijitabu chake, taratibu, akimwomba arudie la pili ili lisipotee neno. Mwalimu wa muziki akauliza: na jambo likihitaji uamuzi usiku huo huo, nafasi ya kushauriana ikakosekana? Bibi akajibu kwamba angepiga kura kwa dhamiri yake, kisha angewaandikia wote kabla ya alfajiri awaeleze alivyopiga na kwa nini. Jibu hilo lilijadiliwa kwa saa nzima, na hawakuliafiki wote.

Nimelifikiri sana swali lile tangu wakati huo, na naamini kwamba ndilo linalostahili kutangulia mengine yote kwa kila anayeomba madaraka, ya chama au ya dola. Ahadi ya kutenda hutegemea mali, majira na hiari ya wengine, na mwenye kuivunja hakosi udhuru. Ahadi ya kutotenda haina udhuru; iko mkononi mwa aliyeahidi, na siku aivunjapo hujulikana ni yeye aliyeivunja.

Kutoka San Angelo tulielekea kaskazini hadi Lubbock, kilomita mia tatu hivi, na njia yote bibi alikuwa na karatasi magotini akinionyesha kwa nini cheo kidogo kama kile kina uzito. Vyama vikubwa viwili vya Marekani huteua wagombea wao wa Texas kwa kura za mchujo zinazoendeshwa kwa fedha ya serikali. Chama kidogo huteua kwa mikutano inayoanza mwezi Machi katika vituo vya kupigia kura, ikapanda hadi kaunti, kisha wilaya, na kufikia kilele chake Aprili katika mkutano mkuu wa jimbo. Ili kisipoteze nafasi yake katika karatasi ya kura, sharti mgombea wake mmoja wa cheo cha jimbo zima awe amepata asilimia 2 katika mojawapo ya chaguzi kuu tano zilizopita. Na kikiikosa, sharti kihudhurishe mikutanoni watu wasiopungua asilimia 1 ya kura zote zilizopigwa kumchagua gavana, nazo mwaka 2018 zilikuwa milioni 8.3, yaani watu zaidi ya elfu themanini na tatu. Upungufu hujazwa kwa sahihi za wapiga kura zilizokusanywa kwa siku 75, na asiyefaa kutia sahihi ni yeyote aliyepiga kura ya mchujo ya chama kingine mwaka ule. Sheria ya 2019, iliyoleta unafuu wa ile asilimia 2, ilileta pia ada ya kugombea, au sahihi badala ya ada, kwa wale wanaoteuliwa kwa mikutano: dola 750 kwa anayeomba uwakilishi katika bunge la jimbo, dola 3,750 kwa anayeomba ugavana.

Sasa basi, ni nani atakayekusanya sahihi katika kaunti ambayo chama hakina mtu hata mmoja? Ni nani atakayemtafuta mwenyekiti wa kaunti, amfundishe jinsi ya kuitisha mkutano wa Machi kwa tarehe na saa zilizowekwa na sheria, na kupeleka orodha ya wajumbe kwa wakati? Kazi hiyo ndiyo ya mjumbe wa wilaya. Mwaka 2016 Gary Johnson alipata karibu kura milioni 4.5 kwa tiketi ya chama hiki, asilimia zaidi ya 3 ya kura zote za urais, na mwaka 2020 Jo Jorgensen alipata kama milioni 1.87, lakini kura hizo hazikuwakuta watu wakisubiri matawini. Ziliwakuta watu kama huyu bibi, waliokuwa wamekwisha kuhakikisha kwamba jina la mgombea lipo mahali pa kupigiwa alama.

Huko Lubbock tulimkuta mshindani wake. Alikuwa kijana wa chuo kikuu, mwepesi wa hoja, aliyesimama upande wa kundi la Mises, lililojinasibu na mwanauchumi Ludwig von Mises, ambalo mwaka 2022 katika mkutano mkuu wa taifa uliofanyika Reno, Nevada, lilitwaa uongozi wa chama na kumweka Angela McArdle katika kiti cha uenyekiti. Ikhtilafu ile ilikuwa kubwa hata chama cha jimbo la New Mexico, jirani wa Texas, kikajitenga na cha taifa mwaka huo huo. Bibi hakuwa wa kundi hilo. Yeye alitaka chama kisemwe kwa lugha ambayo mfugaji na muuguzi wataisikiliza. Kijana alitaka kisemwe kwa ukali usioacha shaka, kwa hoja kwamba maneno laini yamekwisha kujaribiwa na hayakuzaa. Walibishana mbele ya wajumbe wapatao kumi na watano mpaka mwenye ukumbi alipokuja kuzima taa za nje. Kisha wakala pamoja meza moja, kijana akimweleza bibi ni kaunti zipi za kaskazini alizozifikia na ni zipi alizozikuta tupu, bila kumficha. Mimi, niliyetoka mahali ambapo mahasimu wa chama kimoja hugawanyika hata katika harusi na mazishi, nililitazama jambo lile kwa heshima kubwa.

Tuliporudi Abilene nilikwenda kuwasalimu jamaa wa Kongo, ambao wameletwa katika mji huo kwa miaka mingi kama wakimbizi, na Kiswahili chao, kijapokuwa na ladha ya Kivu, kilinikumbusha nyumbani. Mzee wao mmoja aliniuliza ni shughuli gani iliyoniweka barabarani. Nilipomweleza, akashangaa. “Mzee wangu, huyu mama anatoa feza yake, anatafuta kazi ya bure?” Nikasema ndivyo. Akasema kwamba kwao kiti hutafutwa kwa kuwa kinalisha, na kwamba yeye amezika ndugu kwa sababu ya viti vinavyolisha. Hakusema zaidi, wala sikumwuliza. Nilimfikishia bibi maneno hayo, naye alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nimwulize mzee kama angependa kutembelewa, si kwa kura, maana hakuwa mjumbe, bali kwa mazungumzo. Walizungumza jioni nzima, nami nikiwa mkalimani.

Mkutano mkuu wa jimbo ulifanyika katika hoteli moja upande wa Dallas. Wajumbe walihakikiwa majina mlangoni, akidi ikatangazwa, na shughuli ikaongozwa kwa kanuni za mikutano alizozitunga Henry Martyn Robert mwaka 1876, ambazo watu hawa wanazijua kama mwanamaji anavyozijua nyota. Kila baada ya muda mtu alisimama kwa hoja ya nidhamu, na mwenyekiti akaamua, na mwingine akakata rufaa juu ya uamuzi huo kwa wajumbe wote. Mgeni angeweza kuchoka. Mimi sikuchoka, kwa kuwa nilikuwa nikiona watu wasioamini mamlaka wakijitungia mamlaka kwa hadhari kubwa, kipande kwa kipande, kila kipande kikipimwa.

Wakati wa uchaguzi wajumbe wa kila wilaya walikusanyika chini ya bango lao kuwachagua wawakilishi wao wawili. Chini ya bango letu walikuwa waombaji watatu: bibi, yule kijana wa Lubbock, na mfanyabiashara mmoja mstaafu. Lakini katika karatasi palikuwa na chaguo la nne, ambalo ni desturi ya chama hiki katika chaguzi zake zote: Hakuna Hata Mmoja. Chaguo hilo likishinda, wote walioomba hukosa, na kiti hubaki kitupu mpaka apatikane anayefaa. Niliishika karatasi ya mfano mkononi nikakumbuka uchaguzi wa mlolongo wa 1988 katika Kenya, ambapo wanachama wa KANU walipangwa foleni hadharani nyuma ya picha za wagombea, na foleni fupi ikaweza kutangazwa kuwa ndefu. Ni umbali mkubwa ulioje kati ya kupangwa nyuma ya picha na kupewa, kwa siri na kwa maandishi, haki ya kuzikataa picha zote!

Kijana alipata wingi wa kura katika duru ya kwanza. Kiti cha pili hakikupata mtu, kwa sababu wajumbe kadhaa walikuwa wameandika Hakuna Hata Mmoja, na bibi akapungukiwa na kura chache. Palipoitishwa duru ya pili, waombaji waliosalia walipewa dakika mbili kila mmoja. Mstaafu alieleza uzoefu wake. Bibi alisema kwamba wale waliowakataa wote wamefanya haki yao, na kwamba angependa kujua sababu yao kabla ya kura na si baada yake. Mwanamke mmoja kutoka kaunti ya mpakani akasimama, akasema kwamba katika miaka yote aliyokuwa mwanachama hajapata kumwona mjumbe wa halmashauri akifika kwao. Bibi akamwuliza kikao chao hukaa siku gani. Akajibu, Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Bibi akaandika.

Alishinda kwa kura mbili. Mfugaji wa San Angelo alimwendea na kijitabu chake kikiwa wazi kwenye ukurasa wa yale mambo matatu, akamwomba atie sahihi chini yake, naye akatia, na kijana wa Lubbock, alipoyasoma, akaomba kalamu akatia yake pia. Kisha wote watatu wakaketi na ramani ya wilaya, wakaanza kuziwekea alama kaunti zisizo na mwenyekiti. Zilikuwa nyingi kuliko zenye mwenyekiti. Kijana alichukua za kaskazini, bibi akachukua za kusini na ile ya mpakani, na mzee, ambaye hakuwa ameomba cheo chochote, akasema kwamba mbili zilizo karibu na malisho yake wamwachie yeye.